Ziwa ambalo Mama alikuwa analipita tu

Mamangu amelipita ziwa Elmenteita mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Karibu miaka ishirini alikuwa anapeleka viazi na karoti Nairobi, lori linatoka Nakuru usiku wa manane, wanashukisha mzigo soko la Marikiti kukipambazuka, alafu anarudi mchana na matatu akiwa amechoka hata kuongea hawezi, na kila mara gari ikishapita Kariandusi anafungua macho, anaangalia dirishani upande wa kushoto, anaona yale maji, analala tena mpaka Free Area, pale mnaingia Nakuru. Hii amenihadithia mwenyewe. Na kwa hiyo miaka yote hajawahi kushuka pale chini hata siku moja. Nilipomuuliza kwa nini, aliniangalia tu akasema, “Ningeshuka kufanya nini, na watoto wananingoja nyumbani?”

Sasa mwaka huu alikuwa anafikisha miaka 62 na sisi watoto watatu tukaambiana hapana, safari hii hatununui leso wala keki, tunampeleka alale kando ya hilo ziwa mpaka achoke nalo. Dadangu yuko Kisumu, akatuma yake kwa M-Pesa, mimi na ndugu yangu mdogo tukaongezea. Nikaingia mtandaoni nikatafuta karibu wiki nzima. Lodge kubwa za pale bei zake zilitushinda, lakini nikapata nyumba moja ya mbao, vyumba viwili, jikoni na gesi yake, veranda inaangalia maji, stima ya sola, shilingi 8,500 kwa usiku mmoja. Siku mbili, 17,000. Ukigawa kwa watatu inalipika bana. Nikampigia mwenye nyumba na swali langu la kwanza kabisa likawa la maji, juu mimi ni mtu wa Nakuru na najua maji ni nini, akaniambia maji yapo saa zote tena ya moto ya kuoga. Nikalipa zote. Hayo maji nitayarudia.

Tulienda Februari. Ukiambiwa Elmenteita jina lake linatoka kwa Kimaasai, muteita, mahali pa vumbi, usidhani ni mambo ya vitabu tu, nenda kati ya Januari na Machi utajionea. Ndugu yangu ndiye alikuwa anaendesha, probox imejaa mpaka kwa paa, mimi na watoto wangu wawili nyuma na gunia la makaa miguuni, Mama mbele ameshikilia kikapu cha sukuma na nyanya za kutoka Top Market kama mtoto mchanga. Tukaacha lami huku juu tukashika barabara ya vumbi, na pale ndio unajua umetoka. Ni kilomita chache tu kutoka barabara kuu lakini duka hakuna, kioski hakuna, nguzo ya stima hakuna, netiwaki inakuja ikienda. Majani yamekauka rangi ya mkate, vichaka vya leleshwa vimejaa kila mahali na ile harufu yake, mawe meusi ya volkano, punda milia wamesimama tu wanatuangalia. Na ni juu, watu husahau, hapo ni zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Jua la mchana linachoma, ukikaa chini ya mti unasikia baridi.

Getini tukapokelewa na mzee anayetunza hiyo nyumba. Akamsalimia Mama kwanza kabla yetu sote, “Karibu mama, karibu sana, pole na vumbi,” Mama akajibu, “Asante baba, tumefika,” na kutoka hapo hao wawili wakawa ni kama walisoma pamoja.

Mama hakuingia ndani ya nyumba. Aliweka kikapu kwa veranda akashika njia ya ziwani na viatu vyake vya kanisa, mimi nyuma namwambia angalau avue, hasikii. Ukikaribia maji udongo unabadilika, unakuwa na gamba jeupe juu kama ukoko wa ugali uliobaki kwa sufuria, ukilikanyaga linavunjika na chini yake kuna tope jeusi lenye harufu kali. Akainama, akachovya kidole, akaonja. Alafu akanigeukia macho yamefunguka, “Hii ni magadi!”

Na kweli ni magadi, ile ile familia ya magadi tunayotia kwa githeri na maharagwe yaive haraka. Nikamweleza vile najua. Ziwa linaletewa maji na vimito vidogo, Mereroni, Mbaruk, Kariandusi, pamoja na chemchemi za maji moto za upande wa kusini, lakini hakuna mto hata mmoja unaotoka. Maji yanaingia, njia ya kutoka ni jua tu, na jua linachukua maji linaacha chumvi, mwaka baada ya mwaka, maelfu ya miaka. Akasikiliza mpaka mwisho akasema basi ni kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Sijawahi kusikia mtu akilieleza vizuri hivyo.

Flamingo walikuwepo, si ule umati wa picha za zamani za Nakuru lakini walikuwa wengi, mstari mrefu wa pinki kando ya maji, vichwa vimepinduliwa juu chini wakichuja ule mwani mdogo wa kijani unaoitwa spirulina. Rangi yao inatoka kwa hicho chakula. Sisi watu wa Nakuru tulikua tukiambiwa flamingo ni wetu, wako kwa kila bango na kila kalenda, alafu kuanzia kama 2010 maji ya ziwa Nakuru yakapanda sana, yakafunika mpaka geti ya zamani ya mbuga, chumvi ikapungua makali, chakula chao kikapungua na wao wakatawanyika kwenda Bogoria, Elmenteita na kwingine. Watoto wangu wamezaliwa Nakuru na hawajawahi kuona flamingo wengi hivyo mahali pamoja. Ilibidi tutoke nyumbani ndio waone ndege wa nyumbani.

Lakini kilichomshika Mama si flamingo. Ni mwari, wale ndege wakubwa weupe wenye mfuko chini ya mdomo, wengine wanawaita pelikani. Jioni ya kwanza tukiwa kwa veranda na chai, mzee akatuonyesha kundi linakuja kutoka mbali, wamejipanga, hawapigi mabawa kwa haraka, wanateleza tu juu ya hewa. Akatueleza kwamba hawa huzalia hapa Elmenteita, kwa vile visiwa vya mawe, kwa sababu huko kati ya maji wanyama wa kuwasumbua hawafiki. Shida ni kwamba humu ndani samaki wa kuwatosha hakuna. Kwa hivyo wanazaa hapa, alafu kwenda kutafuta samaki wanavuka mpaka Nakuru, mpaka Naivasha, wanajaza, wanarudi kulisha vifaranga. Na hii si hadithi ya mzee peke yake, ni moja ya sababu maziwa haya matatu, Bogoria, Nakuru na Elmenteita, yaliwekwa pamoja kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011. Elmenteita ni kati ya mahali muhimu zaidi huyo mwari anategemea kuzalia.

Mama alinyamaza kitambo. Kikombe amekishika kwa mikono miwili. Alafu akasema polepole, “Kumbe na hawa wanaenda soko.”

Sikuweza kumjibu. Nikaangalia ndugu yangu, yeye pia anaangalia chini. Ile miaka yote alikuwa anapita hapo juu na lori, akienda kututafutia, huku chini kulikuwa na wengine wanafanya ile safari yake, kwenda na kurudi, na yeye hajui.

Usiku ule upepo ulitulia ghafla kama mtu amefunga mlango, na baridi ikaingia. Baridi ya pale si mchezo, mbebe jaketi na soksi, blanketi mbili za nyumba hazitoshi. Tulizima taa za sola tukae nje tuone nyota, na zilikuwa nyingi ajabu, lakini Mama alikuwa anaangalia upande mwingine. Huko juu kwa mteremko unaona barabara kuu. Huoni barabara yenyewe, unaona taa za malori zimefuatana, nyeupe zinashuka kuja Nakuru, nyekundu zinapanda kwenda Gilgil, bila sauti, polepole. Akaanza kutuonyesha. Pale ndio Kikopey, walikuwa wanasimama dereva ale nyama na yeye anabaki kwa lori kulinda mzigo. Pale mbele kidogo ndio waliwahi kukwama mwaka wa El Nino, mwishoni mwa 1997, mvua usiku na mchana, barabara imeharibika, siku mbili na nusu ndani ya lori, viazi vikaanza kuoza nyuma yake na yeye anasikia harufu na hana la kufanya. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka tu kwamba alirudi na hakuleta mkate. Sikuwa najua ni kwa nini, mpaka hiyo usiku.

“Tulikuwa tunaona giza tu hapa chini,” akasema. “Sikujua mtu anaweza kukaa hapa akatuona.”

Tulilala saa saba. Fisi wakilia mbali.

Jumamosi asubuhi nikafungua bomba nisugue meno, kimya. Bomba la jikoni kimya. Ndugu yangu akapanda kwa tanki, akagonga, tupu. Tanki ya lita 1,000, na mzee akakiri kwa aibu kwamba haikuwa imejazwa tangu wageni waliotangulia, aliomba lori la maji liletwe akaambiwa angoje. Nikampigia mwenye nyumba, akaniambia tumetumia vibaya. Watu watano, usiku mmoja, na watoto hawakuwa hata wameoga! Nilikasirika sana na bado nimekasirika ninapoandika, kwa sababu si hela tu, ni kwamba nilimuuliza. Lilikuwa swali la kwanza. Ukikodisha nyumba mahali pakavu hivyo ambapo maji ya ziwa huwezi kunywa wala kupikia wala kufulia nguo ya maana, maji ndiyo nyumba. Veranda si nyumba. Ungeniambia lete maji yako ningeleta na ningelipa ile ile bei bila kunung'unika.

Aliyetuokoa ni mzee. Alienda mwenyewe akarudi baada ya saa moja na nusu na punda wa jirani amebeba mitungi minne ya lita 20, maji ya kisima, shilingi 50 kila mtungi, na pesa ya mguu wake akakataa kuchukua mpaka Mama akamlazimisha kama vile wamama hulazimisha, kwa kukunja noti kwa kiganja. Na alipoishusha akatuambia haya ni ya kuoga na vyombo, ya kunywa tafadhali msinywe sana, hasa watoto. Akafungua mdomo akatuonyesha meno yake. Kahawia.

Wa huku mnayajua hayo meno. Ukienda Nairobi ukicheka mtu anakuuliza wewe ni wa Nakuru. Ni floridi, iko kwa mawe ya volkano ya bonde hili lote na inaingia kwa maji ya visima, mtoto akiyanywa meno yakiwa bado yanakua ndani ya ufizi yanatoka na madoa ya maisha, na ikizidi sana kwa miaka mingi inaingia mpaka kwa mifupa. Na kuchemsha hakusaidii, hii tafadhali mshike, ukichemsha maji yanapungua na floridi inabaki, kwa hivyo unaizidisha. Kinachosaidia ni kama vile vichujio vya mifupa iliyochomwa ambavyo Jimbo Katoliki la Nakuru limekuwa likitengeneza kwa miaka. Kwa bahati Mama alikuwa amebeba mitungi miwili ya maji ya kunywa kutoka nyumbani bila kutuambia, alifichia chini ya makaa. “Mimi nimelala kwa lori siku mbili na nusu,” akasema, “siwezi kwenda mahali bila maji.”

Kwa hivyo ukienda, hesabu lita 5 za kunywa na kupikia kwa kila mtu kwa siku, bebeni zenu, na kabla hujatuma pesa muulize mwenye nyumba tanki ni lita ngapi na ilijazwa lini, na akutumie picha ya siku hiyo. Ingine ni gari, usiisogeze karibu na maji hata kama udongo unaonekana mgumu, lile gamba linadanganya. Na usiku ukitoka nje toka na tochi, nyati wako.

Na kitu kingine nataka kusema na nimekifikiria sana. Jumamosi jioni walikuja vijana na pikipiki tatu, simu mkononi, wakaanza kuwakimbiza flamingo kando ya maji ndio waruke wapige video. Waliwarusha mara nne au tano, mstari wote unainuka, unazunguka, unashuka mbali zaidi. Inapendeza kwa video, hilo sikatai. Lakini yule ndege anakula siku nzima kwa kuchuja tone kwa tone, na kila mkimrusha anapoteza alichokuwa amepata. Mzee akaenda akawaambia kwa upole na wakaondoka, si vijana wabaya, nadhani hakuna aliyewahi kuwaeleza. Basi ukiwa na mtoto au mdogo wako ana pikipiki, mweleze. Picha nzuri inapatikana ukikaa chini na utulie, baada ya nusu saa wanakusahau wanakuja wenyewe, binti yangu alipata moja ambayo unaona mpaka jicho jekundu.

Jumapili jua lilipotoka Mama alishaamka. Nilimkuta amekaa kwa jiwe na leso mabegani, anaangalia ule mlima wanaouita Sleeping Warrior, ambao ukiuangalia vizuri ni mtu amelala chali, paji la uso, pua, kidevu, kifua. Kutoka barabarani anauona tangu zamani, akasema, lakini kutoka huku pua ni kubwa zaidi. Tulikaa hapo labda saa nzima na hatukuongea kitu cha maana. Ni muda mrefu sana sijakaa na mamangu bila mmoja wetu kuwa na haraka.

Tukirudi tukasimama Kariandusi, pale kuna kajumba ka makumbusho na mashimo ambayo Louis Leakey alichimba mwishoni mwa miaka ya 1920, na shoka za mawe bado ziko pale chini zilivyopatikana, zingine za jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, zilizotengenezwa na watu wa kale mno, mamia ya maelfu ya miaka. Karibu na hapo kuna machimbo ya ule udongo mweupe mwepesi, dayatomaiti, unga wake hutumika kuchuja vinywaji na hata kukinga nafaka na wadudu. Ule weupe wote ni maganda ya mwani mdogo sana wa majini, yaani pale palipo pakavu hivyo palikuwa chini ya ziwa. Na ziwa limerudi na kupotea mara nyingi, kama miaka 10,000 iliyopita Elmenteita na Nakuru yalikuwa ziwa moja kubwa na sehemu kubwa ya mji wetu tunapokanyaga leo palikuwa ni maji. Mama aliuliza kama mwari walikuwepo wakati huo. Sikujua la kumwambia nikasema nadhani, na akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika.

Tulipofika pale juu barabarani nikamwambia ndugu yangu asimamishe. Mama akateremsha kioo, akatafuta mpaka akaiona ile paa, kadoa tu kando ya maji, akatuonyesha na kidole, “Ile pale. Tulikuwa pale.” Akaangalia mpaka lori nyuma yetu likatupigia honi.

Mwenye nyumba hakurudisha hata shilingi. Ile nyumba sitairudia mpaka iwe na tanki ya maana, na nimemwambia hivyo kwa meseji, bila matusi. Namba ya mzee ninayo na yeye ametuelekeza kwa nyumba ingine ya jirani, ndogo zaidi, lakini wanavuna maji ya mvua kwa tanki mbili za lita 5,000 na wana kichujio.

Jana usiku Mama amenipigia. Anauliza kama hiyo ya pili iko wazi Agosti, juu anataka kwenda na wenzake wawili wa chama, wale walikuwa wanapeleka viazi pamoja, na tayari amekopa mitungi sita.